Mpiga Chelo wa Klabu: Nyuzi Nene katika Taarab ya Mnazi Mmoja na Kariakoo

Chelo ni ala ya nyuzi nne iliyo katika ukoo wa fidla, kubwa kuliko fidla yenyewe na ndogo kuliko besi ya kusimama, ambayo mpigaji hukaa kitini akaiegemeza kifuani, akaibana kwa magoti, na kuisugua kwa upinde uliofungwa singa za farasi au kuidonoa kwa vidole. Katika vitabu vingi vya historia ya muziki ala hiyo hutajwa kuwa mali ya Ulaya, na maisha ya mpigaji wake husimuliwa kama safari ya mtu mmoja kutoka kwa mwalimu wa kwanza hadi ukumbi mkubwa. Dar es Salaam haikupata kuwa na mpiga chelo wa namna hiyo aliyeandikiwa wasifu, lakini ilikuwa na wapiga chelo, nao walilelewa katika vilabu vya taarab vya mitaa inayouzunguka uwanja wa Mnazi Mmoja. Historia yao haiwezi kutenganishwa na historia ya klabu kama taasisi ya mjini, yaani namna watu wa Kariakoo na vitongoji vyake walivyojikusanya, wakachangishana, wakanunua vitu ambavyo hakuna mmoja wao angeweza kuvinunua peke yake, na wakashindana na jirani zao kwa vitu hivyo.

Ili tofauti ionekane, inafaa kwanza kutazama kwa ufupi njia ya mpiga chelo wa Ulaya. Ala yenyewe iliundwa Italia ya kaskazini katika karne ya 16, na Andrea Amati wa mji wa Cremona ni miongoni mwa mafundi wa mwanzo ambao kazi zao zimesalia. Kwa muda mrefu chelo ilifanya kazi ya kushikilia sauti za chini ili wengine waimbe na kupiga juu yake, na aliyeifanya isikike duniani kote kama ala ya kujitegemea ni Pau Casals, mzaliwa wa Catalonia nchini Hispania mwaka 1876. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, naye mwenyewe akapelekwa shule ya muziki ya manispaa ya Barcelona angali mtoto. Karibu na mwaka 1890 akaokota katika duka la nyaraka kuukuu nakala ya tungo sita ambazo Johann Sebastian Bach aliziandikia chelo pekee, akazifanyia mazoezi kwa miaka mingi kabla ya kuzipiga hadharani, na hatimaye akazirekodi kati ya mwaka 1936 na 1939. Kila hatua ya maisha hayo ilitegemea kitu ambacho Kariakoo haikuwa nacho: shule ya manispaa, karatasi za noti madukani, ukumbi wa kulipia, wakala wa mikataba. Ajabu ni kwamba chelo ilifika Kariakoo pamoja na ukosefu huo wote.

Mji ulioipokea ulikuwa umegawanywa kwa makusudi. Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam mwaka 1891, kisha wakaweka kanuni za ujenzi zilizotenga nyumba za mawe za Wazungu upande wa bahari, na nyumba za udongo na makuti za Waafrika upande wa bara, huku wafanyabiashara wa Kihindi wakishika katikati. Waingereza walioingia mwaka 1916 waliendeleza mgawanyo huo, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka wa ardhi tupu kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Upande wake wa magharibi ilikuwapo Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. (Unguja nayo ina Mnazi Mmoja yake, ambayo pia ilitumika kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na msomaji wa nyaraka za zamani hana budi kuangalia vizuri ni uwanja upi unaotajwa.) Uwanja uliokusudiwa kuwatenga watu uligeuka haraka kuwa mahali pa kukutania: gwaride, mpira, ngoma, Maulidi na baadaye mikutano ya hadhara, vyote vilifanyika pale kwa sababu palikuwa wazi na palikuwa karibu na kila mtu.

Maisha ya starehe katika mitaa hiyo yalipangwa kwa vyama vilivyokwenda viwili viwili. Tangu wakati wa Wajerumani, ngoma ya beni, iliyoiga bendi na sare za kijeshi, ilikuwa na pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti, zenye vyeo, michango na mifuko ya kuzikana. Mpira ulifuata mkondo huohuo: Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka 1936 ikapatikana klabu pinzani ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Muziki wa dansi ulipata bendi yake ya Dar es Salaam Jazz mwaka 1932. Taarab nayo, katika kipindi hichohicho cha kati ya vita viwili vya dunia, ilijipatia vilabu viwili vilivyotawala mji kwa miongo kadhaa, Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club. Yeyote anayeufahamu utani wa Yanga na Simba ataelewa bila kuelezwa kwa nini klabu ya taarab haikuweza kutulia jirani yake anapoonekana na ala mpya.

Jina la klabu ya kwanza linataja waziwazi mahali ambapo macho ya wapenzi wa taarab yalielekea, ingawa njia ya kwenda Misri ilipitia Unguja. Huko ndiko inakosimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki wa Kimisri katika jumba lake na kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, ile ala ya ubao yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani na kudonolewa. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, klabu ya waungwana wa mjini, na katika miaka ya 1920 Siti binti Saad akaishusha taarab kutoka baraza za wakubwa hadi Ng'ambo, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Katika hatua zote hizo kikundi cha taarab kilikuwa kidogo. Wapigaji wachache walitosha, wakiwa na udi, fidla, kanuni au nai, yaani filimbi ya tete, pamoja na rika au tari na dumbaki, na kila ala ilisikika yenyewe, ikipamba ghani kwa namna yake. Chelo haikuwa na nafasi katika mpangilio huo, wala hakuna aliyeikosa.

Iliyoleta haja ya chelo ni okestra kubwa ya Cairo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 mwimbaji na mtunzi Mohammed Abdel Wahab alianza kukipanua kikundi cha jadi kwa kuongeza fidla nyingi zinazopiga pamoja, chelo na besi ya kusimama, na muundo huo, ambao Waarabu huuita firqa, ukaja kuwa ndio unaomzunguka pia Umm Kulthum katika tamasha zake za Alhamisi. Mabadiliko hayo hayakupita bila mjadala. Katika kongamano la muziki wa Kiarabu lililofanyika Cairo mwaka 1932 chini ya udhamini wa Mfalme Fuad, ambako kamati ya ala iliongozwa na mtaalamu wa Kijerumani Curt Sachs na mtunzi Béla Bartók akiwa miongoni mwa waalikwa, wageni wengi kutoka Ulaya ndio waliotaka ala za Kizungu ziepukwe, ilhali Wamisri wengi walizitaka.

Tofauti iliyokuwapo kati ya ala na ala ilikuwa ya kiufundi zaidi kuliko ya asili yake. Muziki wa Kiarabu hujengwa juu ya makamu, yaani mipangilio ya sauti kama rasti, bayati na sika, ambayo baadhi yake huhitaji sauti inayoangukia katikati ya vibonye viwili vya piano vinavyofuatana. Piano haiwezi kuitoa sauti hiyo, wala gitaa, kwa kuwa shingo lake limekatwa kwa vipande vya chuma vinavyoamua kidole kitoe nini. Fidla, chelo na besi shingo zao ni laini kutoka juu hadi chini, na kidole husimama popote ambapo sikio linataka. Kwa hiyo chelo iliingia katika muziki wa Kiarabu bila kuulazimisha ubadili lugha yake, jambo ambalo wapinzani wake hawakulipa uzito uliostahili.

Sauti ya okestra hiyo ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia tatu zilizokwenda pamoja. Njia ya kwanza ilikuwa santuri. Ya pili ilikuwa redio, kwani kituo cha serikali ya Misri kilianza kurusha matangazo mwaka 1934, na kuanzia mwaka 1954, wakati wa serikali ya Gamal Abdel Nasser, Cairo ilikuwa na matangazo ya Kiswahili yenyewe. Ya tatu ilikuwa sinema, na hapa Misri ilisaidiwa na Bombay. Filamu za Kihindi, ambazo zilijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam kuliko filamu za nchi nyingine yoyote, zilikuwa na nyimbo zilizopigwa na okestra zilizojaa wanamuziki wa Kigoa, watu waliojifunza noti na fidla katika shule za parokia za Wareno, na ambao waliwatoa wapangaji wa muziki na walimu kama Anthony Gonsalves na Sebastian D'Souza. Wagoa haohao ndio waliokuwa wakipiga katika bendi ya masultani wa Zanzibar. Kijana wa Kariakoo aliyetoka sinema akiimba wimbo wa Kihindi alikuwa amekwisha kusikia chelo mara nyingi kabla hajawahi kuiona, na tuni nyingi za filamu hizo zilivalishwa mashairi ya Kiswahili na kupigwa kwenye taarab.

Klabu iliyotaka kufuata muundo wa firqa ilipaswa kuongeza safu. Walihitajika wapiga fidla kadhaa badala ya mmoja, akodioni ya kujaza katikati, na chini yao chelo na besi. Wajibu wa chelo katika mpango huo ulikuwa na sehemu tatu ambazo msikilizaji wa haraka huzichanganya. Katika bashraf, kipande kisicho na maneno ambacho kwa desturi hufungua shughuli, chelo huifuata fidla katika tuni ileile lakini kwa sauti ya chini zaidi, hivyo kuifanya tuni nyembamba iwe na kiwiliwili. Mwimbaji anapoanza ubeti, mpiga chelo huacha kufuata tuni na kuvuta upinde taratibu juu ya sauti moja ndefu inayomshikia mwimbaji makamu asipotee, na hapo ndipo ustadi wake hupimwa, kwa sababu kidole kikiteleza kwa upana wa punje ya mchele kila mtu ukumbini husikia kwamba kuna kasoro, hata asipojua imetoka wapi. Sehemu ya tatu ni majibu: mwisho wa mshororo, ambapo mwimbaji anavuta pumzi, nyuzi hujibu kwa kishindo kifupi, na chelo hudonolewa au husuguliwa kwa nguvu ili kiitikio kiingie. Mpigaji aliyezoea noti za Kizungu angeshangazwa na jinsi wapigaji wote walivyokuwa na ruhusa ya kuipamba tuni ileile kila mmoja kivyake kidogo, kwa wakati mmoja. Uzito wa okestra ya taarab unatokana hasa na tofauti hizo ndogo, wala hazihesabiwi kuwa makosa.

Ilikuwapo pia sababu ya kawaida kabisa iliyoipa chelo thamani. Vipaza sauti vilikuwa vichache, na kilichopatikana kiliwekwa mbele ya mwimbaji. Okestra ilipaswa kujaza ukumbi au ua wa harusi kwa nguvu za mikono yake, na sauti za chini ndizo za kwanza kumezwa na kelele za watu na vigelegele.

Gharama ya kuimiliki ala kama hiyo Dar es Salaam haikuishia dukani. Mbao za chelo hushikizwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea penye joto na unyevu, na hewa ya pwani ina vyote viwili karibu mwaka mzima; kifuniko cha mbele kinaweza kuachana na mbavu za pembeni, na shingo likasogea kiasi cha kuzifanya nyuzi zikae juu mno kwa vidole. Nyuzi zenyewe ni nne, kila moja nene kuliko mwenzake, na ikikatika ile nene kuliko zote haiwezi kubadilishwa na waya wa fidla wala wa gitaa. Singa za upinde huisha makali, na upinde haushiki nyuzi bila kupakwa utomvu mkavu wa msonobari. Vitu vyote hivyo viliagizwa ng'ambo. Ndiyo maana chelo haikuwa mali ya mpigaji, kama udi ulivyoweza kuwa. Ilikuwa mali ya klabu, ililala klabuni, na aliyeipiga alikuwa mtu aliyekabidhiwa.

Ukabidhi huo ndio uliokuwa msingi wa kazi nzima ya mpiga chelo. Hakuanza na chelo. Mwanachama kijana aliingia kwa kutoa ada, akasaidia kubeba na kupanga vitu, akapewa tari au ala nyingine ya kupigia mdundo, akashika fidla baadaye ikiwa sikio lake lilionekana zuri, na kwa wale walioelekea sauti za chini, mkono wa fidla ukahamishiwa kwenye chelo. Mafunzo yalikuwa ya kusikiliza na kuiga: tuni ilipigwa na mkubwa mara kadhaa, wengine wakaishika, kisha ikarudiwa mpaka ikakaa. Kwa kuwa hapakuwa na vitabu vya mazoezi, mbinu nyingi za chelo ya Ulaya, hasa zile za kupanda juu kabisa ya shingo, hazikuhitajika na hazikufundishwa, ilhali mbinu nyingine ambazo shule za Ulaya hazifundishi, kama kuipata sauti ya sika bila kusita, zilikuwa za lazima tangu mwanzo. Kumwita mpigaji wa namna hiyo mwanafunzi aliyekosa shule ni kumpima kwa mizani isiyo yake.

Fedha hazikuwa nyingi, wala hazikutazamiwa kuwa nyingi. Vilabu vilikuwa vya ridhaa, na wanachama walikuwa na kazi zao nyingine za mchana. Mapato yalitokana na ada, viingilio, mialiko ya harusi, na tuzo, yaani fedha ambazo hadhira, hasa wanawake, huenda kumpa mwimbaji huku wakicheza taratibu, ama kwa sababu ubeti umewagusa, ama kwa sababu unamfaa mtu fulani aliyeketi upande wa pili wa ukumbi. Tuzo hiyo hupewa mwimbaji mkononi. Mpiga chelo, aliyeketi nyuma na ala iliyomficha nusu ya mwili, hakuguswa nayo isipokuwa kupitia mgawo wa klabu, na santuri zikafuata desturi hiyohiyo, zikichapisha jina la mwimbaji na la kikundi basi. Redio haikubadilisha jambo hilo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikageuka shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956 na Radio Tanzania mwaka 1965, na katika miaka yote hiyo ilirusha taarab kwa wingi. Msikilizaji alitajiwa klabu, mwimbaji na jina la wimbo. Wapiga nyuzi wa Dar es Salaam walisikika nchi nzima bila majina yao kujulikana nje ya mitaa yao.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyokuwa kilele. Wakazi wa mji waliongezeka kutoka takriban 69,000 mwaka 1948 hadi karibu 129,000 mwaka 1957, na harusi zikaongezeka pamoja nao. Mwanzoni mwa muongo huo ukafunguliwa pembezoni mwa Mnazi Mmoja ukumbi wa jamii uliotolewa na George Arnautoglu, tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki, ambao wenyeji waliuita Anatoglo, nao ukawa mahali pa dansi, madarasa ya watu wazima na mikutano. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo, katika mtaa wa New Street ambao sasa ni Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Chama hicho kilipotaka kuwapata wanawake mwaka 1955, hakikujenga mtandao mpya. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, ambao walikuwa na wanachama, daftari na nidhamu tayari. Wanahistoria wameandika mengi, na kwa haki, juu ya uwezo wa vikundi hivyo kukusanya watu kwa ajili ya siasa. Uwezo huohuo wa kukusanya shilingi ndogondogo na kuzitunza ndio uliofanya okestra yenye chelo iwezekane katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, na upande huo haujaandikwa sana.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika polepole. Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, alisikitikia jinsi ukoloni ulivyowafanya Waafrika wazionee haya ngoma zao, na sera iliyofuata ilizipa ngoma za makabila nafasi ya mbele. Taarab, yenye jina la Kiarabu na ala za Kimisri, haikukatazwa, lakini ilibidi ijieleze. Wakati huohuo mfano mpya ulitoka Tanga, ambako katika miaka ya 1960 Black Star na baadaye Lucky Star, kikundi kilichohusishwa sana na sauti ya Shakila Saidi, vilipiga taarab kwa gitaa za umeme na mdundo mwepesi. Kikundi cha Tanga kilikuwa na watu wachache, kilisafiri kwa urahisi na kilisikika mbali kwa kuwa kilitumia vikuza sauti. Wale waliosema wakati huo kwamba gitaa haliwezi kupiga makamu zote walikuwa na haki, lakini watunzi wa Tanga waliliepuka tatizo hilo kwa kuchagua tuni zisizohitaji sauti za katikati, na hadhira haikulalamika.

Pigo zito zaidi lilikuwa la kiuchumi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kumaliza akiba, Tanzania ilikosa fedha za kigeni hata za bidhaa za lazima, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi uliowafanya watu waogope kuonekana na bidhaa kutoka nje. Bendi za dansi ziliweza kupata vyombo kupitia mashirika ya umma, majeshi na jumuiya zilizozimiliki. Klabu ya kujitegemea yenye ala za mbao zilizohitaji nyuzi maalumu, gundi na singa haikuwa na mlango wa kubisha. Chelo iliyoharibika katika miaka hiyo ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kubaki imeharibika.

Biashara ilipofunguliwa, kilichoingia hakikuwa chelo. Kilikuwa kinanda cha umeme. Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi ulipoanza, CCM iliunda kikundi cha Tanzania One Theatre chini ya uongozi wa John Komba, nacho kikashindana na Muungano Cultural Troupe kwa mtindo wa mipasho, taarab yenye maneno makali ya kuchomana waziwazi; mtindo huo ulizijaza kumbi kama DDC Kariakoo na Travertine ya Magomeni, na Khadija Kopa akawa miongoni mwa malkia wake. East African Melody, na baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf iliyoanzishwa mwaka 2006, zilikamilisha kile kinachoitwa taarab ya kisasa. Katika bendi hizo sauti ya fidla na chelo haikuondoka. Ilihamia ndani ya kinanda, ambacho kwa kubonyeza kitufe hutoa kundi zima la nyuzi, na baadhi ya vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Waarabu huweza hata kurekebishwa vitoe robo za sauti ambazo piano ya kale ilishindwa kuzitoa. Hoja ya kiufundi iliyoipa chelo nafasi katika miaka ya 1930 ikawa imekwisha.

Hesabu ya harusi nayo ilikuwa imebadilika. Bendi ya kisasa ilikuwa ya mishahara na mikataba, si ya ada na ridhaa, na malipo ya usiku mmoja yakigawanywa kwa wapigaji sita kila mmoja hupata kitu, ilhali yakigawanywa kwa okestra ya watu ishirini hakuna anayerudi na nauli ya maana. Mara nyingi kufifia kwa nyuzi huhusishwa na ladha ya vijana au na mipasho yenyewe, lakini lawama hiyo inasahau kwamba hata katika miaka ya 1950 tuzo ya harusi haikuwa ikiilipa okestra. Iliyolipa ilikuwa klabu, kwa michango ya watu ambao wengi wao hawakupiga ala yoyote. Wanachama wa aina hiyo walipopungua, wapigaji walibaki na soko peke yake, na soko lilichagua kinanda.

Unguja inathibitisha hoja hiyo kwa upande wa pili. Huko ladha ya vijana ilielekea kinanda vilevile, lakini okestra za nyuzi hazikufa, kwa sababu zilipata mlipaji mwingine. Kikundi cha Mila na Utamaduni, kijulikanacho nje kama Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, kiliwekwa chini ya serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na hivyo kikadumisha safu yake ya fidla, chelo na besi. Ikhwani Safaa, iliyolazimika kwa muda kutumia jina la Malindi, ilirudishiwa jina lake na kutimiza miaka 100 mwaka 2005. Tangu miaka ya 1980 lebo na tamasha za Ulaya zilianza kuzitafuta okestra hizo hasa kwa ajili ya nyuzi zake, na watalii wakaongeza hadhira nyingine. Mwaka 2002 kikafunguliwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, katika jengo la zamani la forodha huko Mizingani, ambako kwa mara ya kwanza kijana wa visiwani angeweza kuisoma taarab darasani pamoja na noti, na kutoka mwaka 2004 tamasha la Sauti za Busara limewapa wahitimu jukwaa karibu kila mwaka. Nairobi ilifuata njia nyingine kabisa: chuo chake cha muziki kilianzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya muziki wa Ulaya, na tangu mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafundisha watoto wa Korogocho ala za okestra, kwa noti na kwa tungo za Ulaya pamoja na za Kiafrika, bila uhusiano wowote na makamu.

Dar es Salaam, iliyo kubwa kuliko Unguja na tajiri zaidi, haikupata serikali ya kuimiliki okestra ya taarab ya nyuzi, wala watalii wa kuisikiliza, wala chuo cha kuifundisha chelo kwa namna ambayo klabu zake ziliitumia. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa taasisi ya TaSUBa baadaye, kimewatoa wanamuziki wengi hodari, lakini uzito wake umekuwa katika ngoma, maigizo na muziki wa jadi. Kwa hiyo mpigaji wa nyuzi nene anayetaka leo kuishi kwa kazi hiyo katika taarab huelekea visiwani, kinyume na karne iliyopita, ambapo ukubwa wa Kariakoo, wingi wa harusi zake na ushindani wa vilabu vyake viwili vilitosha kumpa kiti.